Kadude kamechomekwa, mbona kimya? Jinsi ya kutumia DAC na amplifaya ya mfukoni kwenye simu na kompyuta

"Nimenunua kale kadude ka sauti, nimechomeka kwenye simu, mbona kimya?" Swali hili nimelijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa simu ya saa sita usiku, na mara moja hata msibani: jamaa alinivuta nyuma ya turubai, akachomoa simu mfukoni na waya ukining'inia. Nikamwambia ageuze waya. Muziki ukaanza kulia, tukauzima haraka kabla wafiwa hawajatugeukia.

Ndiyo maana naandika. Kadude chenyewe mara nyingi ni kazima kabisa. Kinachokwamisha ni waya, au mpangilio mmoja uliojificha ndani ya simu. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hutanihitaji.

Nadharia kidogo tu, ili tuelewane maneno. Muziki ndani ya simu ni tarakimu. DAC ni kigeuzi kinachozigeuza tarakimu hizo kuwa umeme unaopandashuka kama wimbi. Amplifaya inaupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Simu na kompyuta yako tayari zinavyo vyote viwili, ila mara nyingi vimebanwa katika nafasi finyu na kwa gharama ndogo. Tena tangu Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine kufuata nyayo, simu nyingi hazina hata pa kuchomeka. Kifaa tunachokizungumzia hapa kinafanya kazi zote mbili nje ya simu.

Kabla hujatoa hela

Kama hedifoni zako ni za Bluetooth na unazitumia bila waya, acha. Zina DAC na amplifaya yake ndani, na sauti haitapita kwenye kadude hata ukikachomeka. Kuna mtu alikaa nacho mwezi mzima akisifia "besi imeongezeka" huku muziki ukiruka hewani pembeni yake. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Kama nyimbo zako ni MP3 za kurushiana zilizobanwa mpaka zikakonda, DAC nzuri itakuonyesha tu jinsi zilivyokonda. Na kama hedifoni zenyewe ni za kuokotea kwenye meza ya barabarani, anza kubadilisha hedifoni. Hapo ndipo hela inaposikika zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

Kwanza kifaa chenyewe. Viko vya aina mbili. Kuna kijiti: kidogo kama kidole, hakina betri, kinanyonya umeme wa simu. Mfano ni AudioQuest DragonFly, vijiti vya FiiO, au hata kile kiwaya cha Apple cha USB-C, ambacho licha ya udogo wake kina DAC halisi ndani. Halafu kuna kiboksi: kina betri yake, kirungu cha sauti, na nguvu zaidi, kama iFi hip-dac au Chord Mojo. Kwa hedifoni za kutumbukiza masikioni na zile za omu 32 (omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyouzuia umeme), kijiti kinatosha. Ukiwa na Sennheiser HD 600 ya omu 300 au Beyerdynamic ya omu 250, tafuta kiboksi, au kijiti chenye nguvu ya kutosha.

Pili, hedifoni za waya. Tatu, simu yenye chaji zaidi ya nusu. Nne, wimbo unaoujua kama njia ya kwenu. Mimi natumia taarabu ya zamani ya Unguja yenye kanuni na fidla: nyuzi za kanuni zikisikika moja moja badala ya kuwa kama mvua juu ya bati, najua kila kitu kimekaa sawa.

Tano, waya. Hapa tukae kidogo, maana ndipo pengi panapoharibikia.

Simu ikiwa kwenye chaja, inapokea umeme. Ikiunganishwa na DAC mambo yanageuka: sasa simu ndiyo bosi, inatoa umeme na kutuma data. Lazima waya uiambie hivyo. Kwa simu za zamani zenye tundu la micro-USB, unahitaji waya wa OTG, yaani unaoifanya simu iwe bosi, na upande wa OTG ndio unaoingia kwenye simu. Ukiugeuza, unaingia vizuri tu lakini hakuna kitakachotokea. Hicho ndicho kilichompata yule wa msibani.

Kwa simu zenye USB-C, anza na waya uliokuja na DAC. Waya wa chaja unaweza kuwa ni wa umeme tu, hauna nyuzi za data ndani. Kuupima ni rahisi: unganisha simu na kompyuta kwa waya huo, halafu kwenye simu chagua kuhamisha faili. Kama kompyuta haioni kitu, urudishe kwenye droo ya chaja.

Wenye iPhone ya tundu la Lightning mnahitaji adapta ya Apple ya kamera, ikiwezekana ile yenye tundu la pili la kuchajia. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu ni USB-C, na mambo ni mepesi.

Halafu kuna mtego wa adapta za bei chee, USB-C upande huu na tundu la 3.5 mm upande ule. Nyingine hazina DAC ndani. Zinategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la chaji, na simu nyingi, zikiwemo Samsung Galaxy kuanzia S20, hazifanyi hivyo. Muulize muuzaji swali moja: ina DAC ndani? Akikukodolea macho, usinunue.

Hatua kwa simu

1. Shusha sauti ya simu hadi karibu na mwisho. Kama kifaa kina swichi ya nguvu ya sauti yenye L (ndogo) na H (kubwa), iweke L. Hedifoni ziwe shingoni au mezani. Mimi niliruka hatua hii mara moja tu: swichi ilikuwa H, simu juu kabisa, earphone ndogo zimezama masikioni. Sikio la kulia lilipiga mluzi mpaka kesho yake asubuhi.

2. Kama ni kiboksi, kichaji kwanza, kisha tambua matundu yake. Vingi vina tundu moja la kuchaji na jingine la data, na yanaweza kufanana kama mapacha. Chord Mojo ya mwaka 2015 ina matundu mawili ya micro-USB upande mmoja. Nilimaliza jioni nzima nikilaumu simu kumbe nimechomeka kwenye la chaji.

3. Kwenye OPPO, realme, vivo na baadhi ya OnePlus, ingia kwenye mipangilio, tafuta neno OTG, uwashe. Simu hizi huzima OTG zenyewe ikikaa dakika kama 10 bila kazi. Kwa hiyo ukishangaa jana kililia na leo kimya, anzia hapa.

4. Chomeka hedifoni kwenye DAC kwanza, ndipo DAC iende kwenye simu. Vijiti vingine, kile cha Apple kikiwemo, havijitambulishi kwa simu mpaka vihisi plagi ya hedifoni.

5. Kiboksi cha iFi kiwashe kabla ya kukiunganisha na simu, kitumie betri yake. Ukikiunganisha kikiwa kimezimwa kinaomba umeme wa simu, nayo iPhone inaweza kukataa kabisa na kukuandikia kuwa kifaa kinahitaji umeme mwingi mno.

6. Shusha pazia la arifa. Simu za Android nyingi zitaonyesha kuwa kuna kifaa cha USB. Kama badala yake simu inasema inachajiwa, bonyeza arifa hiyo, tafuta palipoandikwa USB inadhibitiwa na nani, na uchague "kifaa hiki", yaani simu yako.

7. Anza wimbo, sauti ikiwa chini. Ukisikia, vaa hedifoni, panda taratibu.

8. Sasa mgawanyo wa sauti. Kama DAC ina kirungu chake, shusha kirungu kabisa, pandisha simu hadi karibu na juu, kisha tumia kirungu. Kama ni kijiti kisicho na kirungu, tumia vitufe vya simu pekee. *Usipandishe simu hadi juu* ukidhani ndiyo sheria. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Amplifaya yenye nguvu inauvuka bila jasho, na kwa kuwa sauti yake haikwaruzi, hutajua umevuka.

9. Kama una faili za FLAC, yaani nyimbo zilizobanwa bila kupoteza kitu, na unataka zifike kwenye DAC bila kuguswa, tumia programu inayozungumza na DAC moja kwa moja, kama USB Audio Player PRO. Android kwa kawaida hupitisha sauti zote kwenye mchanganyiko wake, na wimbo wa kilohezi 44.1 (sauti imepimwa mara 44,100 kwa sekunde) mara nyingi hugeuzwa kuwa 48. DragonFly inakuumbua waziwazi: taa ya kijani ni 44.1, ya bluu ni 48. Wimbo wa CD, ambao ni wa 44.1, ukiwasha bluu, simu imeshaubadilisha njiani. Kwa masikio ya wengi tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo usikose usingizi. Kwa anayeanza, hatua hii ni ya hiari.

Kama simu yako bado ina tundu la hedifoni, na zipo Tecno na Infinix kibao zenye nalo, unaweza kutumia amplifaya tupu kwa waya wa 3.5 mm pande zote mbili. Weka sauti ya simu kama asilimia 80 hivi, umalizie kwa kirungu. Jua tu kwamba DAC inayofanya kazi hapo ni ya simu. Unachoongeza ni misuli.

Hatua kwa kompyuta

1. Soma kwanza kama mtengenezaji anataka uweke draiva, yaani programu ya kuitambulisha DAC kwa kompyuta. Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 inazitambua DAC nyingi za kisasa bila draiva, na Mac na Linux hazihitaji kitu. Draiva ya Windows utaihitaji ukiwa na Windows ya zamani au ukitaka ASIO (njia ya kuifikia DAC moja kwa moja) au DSD (aina ya faili za muziki). Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji tu.

2. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Zile habu za matundu manne zinazogawana umeme na flashi, mausi na feni ni chanzo cha kukatakata.

3. Chagua njia ya sauti. Kwenye Windows bonyeza alama ya spika pembeni chini, kisha mshale ulio karibu na kipimo cha sauti, halafu jina la DAC. Kwenye Mac ingia System Settings, kisha Sound. Kwenye Linux, kama haionekani kwenye mipangilio, andika `aplay -l` kwenye terminali. Ikiorodheshwa hapo, basi kompyuta imeiona na kazi iliyobaki ni kuichagua.

4. Programu iliyokuwa wazi kabla hujachomeka, ifunge uifungue upya. Baadhi ya programu hung'ang'ania spika ya zamani, hasa za mikutano. Zoom ina mipangilio yake yenyewe: chagua DAC kama spika, na maikrofoni ya laptopu kama maikrofoni.

5. Kwenye sifa za kifaa ndani ya Windows, weka biti 24 na kilohezi 44.1 au 48. Zima "uboreshaji wa sauti" wa aina zote. Mac ina programu ndogo iitwayo Audio MIDI Setup kwa kazi hiyo. Kuweka 192 kwa kila kitu hakuongezi chochote kwenye wimbo uliorekodiwa kwa 44.1, ni kumimina kikombe cha chai kwenye ndoo.

6. Sauti: shusha kirungu, pandisha kompyuta juu, ongeza kwa kirungu, kama tulivyofanya kwenye simu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchomeka plagi ya 3.5 mm kwenye tundu la 4.4 mm kwa adapta. *Usifanye.* Tundu la 4.4 ni la njia mbili zilizotengana, kila sikio lina waya wake wa kurudi. Hedifoni za kawaida zinaunganisha waya hizo za kurudi, na adapta hiyo inaweza kuzigusanisha pande mbili za amplifaya na kuiua. Kinyume chake, hedifoni za 4.4 kwenye tundu la 3.5 kwa adapta sahihi, hakuna shida.

Kutumia H kwa earphone ndogo. Zinahisi kila kitu, utasikia "shhhh" nyuma ya muziki na kirungu hakitakuwa na nafasi ya kusogea. H ni ya zile za omu 250 na kwenda juu.

Kufunga simu na kiboksi pamoja kwa mpira kama mandazi kwenye mfuko. Inapendeza, lakini antena ya simu inakaa juu ya amplifaya, utasikia "tit-tirit-tit" kila mtandao wa 2G unapoamka. Vitenganishe kwa waya mfupi.

Kusahau kijiti kwenye simu usiku kucha. Kinaendelea kunyonya betri hata kama huchezi kitu.

Ukikwama

*Kimya kabisa.* Geuza waya, kisha badilisha waya. Washa OTG. Hakikisha umechomeka tundu la data. Jaribu DAC hiyo kwenye kompyuta: ikilia huko, kadude ni kazima na simu au waya ndio mchawi. Kama waya wa USB-C pande zote mbili unagoma, jaribu wa USB-A kwenda USB-C ukiwa na adapta ya OTG upande wa simu; zipo DAC zilizotengenezwa kwa haraka ambazo hazijibu waya wa C kwa C.

*Inalia, lakini chini mno.* Angalia swichi ya L na H, na angalia kama simu ina kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Ukitumia kiwaya cha Apple kwenye Android, tatizo linajulikana: kwenye simu nyingi kinaanza na sauti ya ndani iliyoshushwa, na vitufe vya simu haviifikii. Programu inayodhibiti sauti ya DAC yenyewe, kama ile ya hatua ya 9, inatatua, lakini kwa muziki unaochezwa ndani yake tu. Zingatia pia kwamba kiwaya hicho toleo la Ulaya lina nguvu pungufu kuliko la Marekani. Ndugu akikuletea kutoka London, usishangae.

*Inakatakata.* Kwanza waya unaolegea kwenye tundu la simu. Toa vumbi kwa kijiti cha meno, polepole, simu ikiwa imezimwa. Pamba za mfukoni hujazana humo mpaka plagi haizami. Pili, hali ya kuokoa betri: itoe programu ya muziki kwenye orodha ya zinazobanwa. Kwenye kompyuta, badilisha tundu.

*Mpigaji hanisikii.* DAC nyingi za mfukoni hazina njia ya maikrofoni. Simu nyingine inarudi kwenye maikrofoni yake, nyingine inabaki bubu. Chomoa ndipo upokee.

*Upande mmoja tu unalia.* Zungusha plagi ya hedifoni. Ikirudi na kupotea, ni plagi au tundu. Chomeka hedifoni nyingine kabla hujarudi dukani kugombana.

*Inanguruma "mmmm" kwenye laptopu.* Chomoa chaja. Kama mngurumo unakoma papo hapo, DAC haina kosa. Pitisha mgongo wa mkono juu ya mfuniko wa laptopu ya chuma chaja ikiwa imechomekwa: ukihisi kama inakutekenya, umeme unavuja kidogo kutoka kwenye chaja na hauna pa kwenda, kwa sababu hakuna ethi, yaani waya wa kuupeleka ardhini. Soketi zetu zina matundu matatu, lakini ekstensheni nyingi zina matundu matatu na nyaya mbili tu ndani, au chaja ina pini ya ethi ya plastiki. Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye ethi ya kweli ukitumia chaja ya pini tatu za chuma. Ikishindikana, sikiliza kwa betri ya laptopu, uchaji baadaye.